Mkato Unauliza: Wangapi?

Mgeni aliyenifungua macho alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ya ukili kichwani, shingo imeungua jua. Alikuja mapokezi asubuhi na mapema, kipeperushi chetu amekishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika risiti anayoitilia shaka. Tulikuwa Chake Chake, katika nyumba ya wageni ya vyumba 9, nami nina miezi miwili tu kazini. Akaniuliza, kwa adabu zote, kama anaweza kuhakikishiwa nafasi kwenye boti zenye majaketi ya kuokolea. Nikamwambia bila shaka. Akauliza tena: "Na zile nyingine, zisizo na majaketi, mnampakia nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Boti tulikuwa nazo mbili. Zote mbili zina majaketi, na nahodha wetu ni mtu asiyeng'oa nanga mpaka kila abiria amelifunga lake kifuani. Nikamweleza hayo. Ndipo akaigeuza karatasi, akatia kidole kwenye mstari nilioutunga mwenyewe na kujivunia:

"Our boats which have life jackets leave Wesha at eight."

Wesha ndiyo bandari tunayotokea kwenda kisiwa cha Misali, na hiyo "eight" ni saa mbili ya asubuhi. Tahajia sawa, kitenzi sawa, wingi sawa. Sikuona kosa. Akanifafanulia taratibu kwamba sentensi ile inamwambia kuwa katika boti zetu ziko zenye majaketi na ziko zisizo nayo, na kwamba zinazoondoka saa mbili ni hizo zenye majaketi. "Sasa nataka kujua zile nyingine zinaondoka saa ngapi," akasema, "nisije nikachelewa nikapanda hizo."

Kwa mtu wa Pemba hayo si maneno ya mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kuja kwetu, imepakia watu kupita kiasi. Mtaani kwetu Wete khitma zilifuatana wiki nzima. Nimekua nikijua kuwa jaketi si pambo la boti. Na hapa mimi, mtoto wa Wete, nimeandika kwa mkono wangu na kuchapisha nakala 500 za karatasi inayosema kwamba boti zetu nyingine hazina.

Yule bwana akatoa kalamu mfukoni, akaitia sentensi yangu mikato miwili: "Our boats, which have life jackets, leave Wesha at eight." Akanirudishia kipeperushi. "Sasa nakata tiketi," akasema.

Ningelielewa siku ile ile, ningelijiokolea fedheha ya pili. Lakini nilichokichukua kwake kilikuwa somo la mtu mwenye haraka, kwamba mikato ni mizuri na ukiitia mingi huwi na lawama. Tena nilikuwa na msaidizi. Programu ya kuandikia kwenye kompyuta ya mapokezi ilikuwa na tabia ya kuvipigia mstari vishazi vya "which" visivyo na mkato, na ukibonyeza, inakutilia wenyewe. Nikabonyeza kila penye mstari, kisha nikaanza kutia hata pale ambapo kompyuta haikusema kitu. Nilijiona nimesoma.

Bosi wangu alikuwa na tatizo la wageni wanaochelewa kulipa. Akaniambia niandike tangazo la kubandika nyuma ya milango ya vyumba, kwamba asiyelipa aondoke chumbani kabla ya saa nne ili chumba kisafishwe. Nikaandika:

"Guests, who have not paid, must leave the room by ten."

Tangazo lilibandikwa jioni. Asubuhi, saa tatu na nusu, mke na mume waliolipia siku tano kamili walishuka ngazi na mabegi yao yote, mwanamke macho mekundu, mwanamume ameshika risiti. Walitaka kujua wamekosa nini. Bosi alikuja, akasoma tangazo, akaona sawa. Akanisomesha mimi, nikaona sawa. Wageni wakasoma, wakaona wamefukuzwa. Ilichukua nusu saa, chai ya tangawizi na samahani nyingi mpaka wakapandisha mabegi juu. Bosi akaninong'oneza: "Umenifukuzia wageni kwa Kiingereza." Alikuwa na haki.

Ile sentensi, na mikato yake, haikuwa ikisema kuhusu wageni wasiolipa. Ilisema wageni wote watoke, kisha ikaongeza kama kwa kando kwamba, wageni hao, hata hawajalipa. Ningeiacha bila mikato, "Guests who have not paid must leave the room by ten," ingewachagua wale wachache na kuwaacha wengine walale. Kosa lilikuwa lile lile la boti, nimelifanya kinyumenyume. Kwenye boti nilichagua pasipo haja ya kuchagua, na kwenye vyumba nikawakusanya wote palipotakiwa kuchaguliwa wachache.

Wa kulaumiwa, nikijitetea kidogo, ni pumzi. Shuleni tuliambiwa mkato ni mahali pa kuvuta pumzi, nukta ni mahali pa kusimama. Ukisoma kwa sauti ukachoka, tia mkato. Mtu mwenye pumu angetia mingi kuliko mzamiaji. Hata jina la pili la alama hii halikunisaidia, maana wengi huiita koma, na nyumbani kwetu "koma!" ni neno unaloambiwa ukishika kisichokuwa chako. Hilo la koma lilitoka kwa Wagiriki, na asili yake kwao ni kipande kilichokatwa. Kwa hiyo aliyeuita mkato kwa Kiswahili alipiga palepale, na sisi tukaenda tukaugeuza pumzi.

Nami sikuwa na udhuru, kwa sababu chuo cha Kurani, kabla hata ya kujua A na B za Kizungu, nilikwishafundishwa kwamba kituo hubadilisha maana. Atakayeufungua msahafu mwanzo wa Suratul-Baqara, aya ya pili, ataona nukta tatu tatu zimewekwa pande mbili za neno "fihi". Mwalimu wetu wa chuo alitufundisha kwa bakora kwamba hapo unasimama mahali pamoja tu. Ukisimama kabla ya "fihi", maana inakuwa hakuna shaka, ndani yake mna uongofu. Ukisimama baada yake, inakuwa hakuna shaka ndani yake, ni uongofu. Ukisimama kote kuwili umeliacha neno katikati halina wenyewe. Tulikuwa watoto wa miaka saba na minane, na hakuna aliyetuambia kuwa hapo ni pa kuvuta pumzi. Mwenye pumzi fupi alifundishwa pa kurudia. Miaka ishirini baadaye ninatia mikato ya Kiingereza kama chumvi.

Niliyekwenda kumlilia ni jirani, mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu, mwanamke mkavu wa maneno. Ulikuwa msimu wa karafuu. Ukiingia mtaa wowote wa Pemba wakati huo pua ndiyo inayotangulia. Majamvi yamejaa mbele ya nyumba, barazani, hadi ukingoni mwa barabara, na madereva wanayakwepa bila kupiga honi. Nilimkuta amekaa kigoda, jamvi mbele yake, anachambua karafuu na kutenga makonyo.

"Hodi. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, mikono isikae bure."

Nikakaa, nikaanza kuchambua, nikamsimulia ya boti na ya vyumba. Hakucheka popote, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Nilipomaliza akanyosha mkono juu ya jamvi. Karafuu zilikuwa za siku mbili tofauti, zimechanganyika, nyingine zimekauka na kuwa nyeusi nyekundu, nyingine mbichi bado zina ukijani.

"Nakupa amri, uifuate kama nilivyoisema," akasema, kisha kwa Kiingereza chake cha polepole: "The cloves which are dry go into the sack."

Nikachagua kavu, nikazitia guniani, gao baada ya gao. Mbichi nikaziacha jamvini. Akaziangalia, akatikisa kichwa kuridhika.

"Vyema. Zimwage tena, zichanganye." Nikazimwaga. "Sasa nakupa nyingine. The cloves, which are dry, go into the sack." Safari hii sauti yake ilishuka katikati, ikapita chini chini kama mtu anayemsemesha jirani pembeni ya mkutano, kisha ikapanda kumalizia.

Nikaanza kuchagua kavu.

Akanipiga kofi la mkono. "Unachagua nini? Nani kakwambia uchague?"

"Lakini Mwalimu, hizi mbichi. Nikizitia zote zitavunda."

"Zitavunda, ndiyo. Lakini amri yangu ni jamvi zima. Nimesema karafuu ziende guniani, na nimekuongezea habari kwamba zimekauka. Habari yenyewe ni ya uongo. Sarufi haina kosa hapo. Mwenye kosa ni mimi, sikutazama jamvi kabla ya kusema." Akarudi kuchambua. "Wewe ulitazama jamvi kabla ya kuandika lile tangazo lako?"

Nikanyamaza.

"Wageni wako wote hawajalipa?"

"La, Mwalimu. Wawili tu."

"Boti zenu, ziko zisizo na majaketi?"

"Hakuna hata moja."

"Basi unajua. Mkato unakuuliza wangapi. Ni wote au ni baadhi? Ukiweza kujibu hilo, umeshajua pa kuutia na pa kuuacha. Usiulize kinywa chako kimechoka au hakijachoka."

Nimesoma vitabu kadhaa vya sarufi tangu hapo, vingine vyenye majina marefu ya vishazi bainishi na vishazi visivyo bainishi, na sijaona kilichonieleza zaidi ya lile jamvi. Kishazi kisicho na mikato kinachagua, kinakuambia ni yupi. Chenye mikato kinakuta mtu au kitu kimekwisha kujulikana, kinamwongezea habari. Na kompyuta, kwa akili zake zote, haijui tuna boti ngapi. Hilo nalijua mimi na nahodha.

Yaliyobaki nilijifunza kwa kukosea, mengine kwa gharama ndogo. Kosa lililonisumbua muda mrefu ni la kuufungua mkato wa kwanza nikasahau wa pili. Niliandika, kwa mfano, "Misali, which lies west of Chake Chake is good for snorkelling," na kwa muda wote sikuona mbona sentensi inalalia upande. Mwalimu aliniambia nifikirie mzega. Mchukuzi hubeba ndoo mbili, moja kila ncha ya mti, na ukimtolea moja haendi hatua tatu bila kuyumba. Mikato hiyo huja miwili, isipokuwa pale kishazi kinapoishia kwenye nukta, maana hapo nukta imeshika ncha ya pili. Na njia ya kuijaribu ni nyepesi. Toa kila kilicho kati ya mikato, usome kilichobaki. "Misali is good for snorkelling." Imesimama, tena haijapungukiwa na ukweli. Kisha fanya hivyo kwa lile tangazo langu, utabaki na "Guests must leave the room by ten." Laiti ningelijua njia hiyo jioni ile, nisingebandika.

Jaribio hilo hilo liliwahi kufanywa na watu wenye fedha nyingi. Kanada, mwaka 2006, kampuni mbili, Rogers na Aliant, zilivutana juu ya mkataba wa kutumia nguzo za nyaya. Rogers waliamini mkataba hauvunjiki kabla ya miaka mitano ya mwanzo kwisha. Lakini maneno ya kuongeza mihula mingine ya miaka mitano yalikuwa yamewekwa kati ya mikato miwili, na mdhibiti wa mawasiliano wa huko akasema mkato ule wa pili unalifanya sharti la kuvunja kwa notisi ya mwaka mmoja lihusu hata miaka mitano ya mwanzo. Yaani toa kilicho katikati, usome kilichobaki. Mwaka uliofuata Rogers waliokoka kwa sababu mkataba ulikuwa pia na nakala ya Kifaransa, ambayo haikuwa na utata huo. Nilipomsimulia bosi wangu habari hii, ndipo aliponiruhusu kuchapisha upya vipeperushi.

Kuhusu "that" na "which" sitakaa sana, kwa sababu watu hugombana kuliko kinavyostahili. Lililo wazi ni kwamba kishazi cha kuongeza habari, chenye mikato, hakichukui "that". Nilikuwa nikiandika "Misali, that is a conservation area," na hiyo haikubaliki popote. Upande wa pili ndiko kuna mzozo. Mwingereza Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, alitamani "that" iwe ya kuchagua na "which" iwe ya kuongeza. Wamarekani wengi wameishika kama sheria. Waingereza wengi wanaandika "which" kotekote na kuuachia mkato kazi yake. Sisi tuliofundishwa Kiingereza cha Uingereza tusitishwe na mteja wa Marekani anayetugeuzia kila "which" kuwa "that". Anafuata desturi ya kwao. Mimi nikimwandikia Mmarekani natumia "that", yaishe. Ila kwa "who" hakuna pa kukimbilia. Akiwa ni mtu, mkato peke yake ndio unaosema.

Majina ya pekee nayo yalinitesa, kisha yakanichekesha. Kwa kawaida jina halina haja ya kuchaguliwa. Misali ni moja, jumba la Beit al-Ajaib la Unguja ni moja, basi kishazi kinachofuata jina kinakuwa cha kuongeza na kinatiwa mikato: "The House of Wonders, which was built in 1883, ..." Hakuna Beit al-Ajaib ya pili iliyojengwa mwaka mwingine. Nilikuwa nimekwisha kujiwekea sheria hii ya chuma, mpaka siku mgeni aliyetulipia chumba alipotupigia simu kutoka uwanja wa ndege akilalamika kuwa dereva wetu haonekani. Dereva wetu alikuwa amesimama uwanjani, bango mkononi. Mgeni alikuwa Pemba pia. Pemba ya Msumbiji.

Tangu siku hiyo barua zetu za kuthibitisha nafasi zina sentensi inayosema tuko "on the Pemba that is in Tanzania", bila mkato, kwa sababu zipo Pemba mbili na hapo lazima uchague. Mwalimu alipoiona alitabasamu, mara ya kwanza nakumbuka. Sheria ya jina kumbe nayo ilikuwa ni hesabu. Jina likiwa la wawili, linachaguliwa kama karafuu.

Na hesabu kwetu si jambo jepesi. Mzungu akiandika "my brother, who lives in London," anamwambia msomaji kuwa kaka anaye mmoja tu, na hiyo mikato miwili imetosha kuwa cheti cha familia. Mimi nikitaka kuandika habari za kaka yangu anayekaa Unguja, huanza kwanza kuhesabu. Yupo wa tumbo moja. Wapo wawili wa kuchangia baba. Yupo mtoto wa ami tuliyekua nyumba moja, nikimwita kaka tangu sijajua kutamka, na nikimwita binamu mama atanuna. Siku moja nilikaa na kalamu hewani robo saa nzima kwa ajili ya mkato mmoja, nikiamua nani ndugu na nani si ndugu. Kiswahili hakijawahi kuniuliza swali kama hilo. Nasema "kaka yangu anayekaa Unguja" na kila mtu anaelewa kwa anavyotujua.

Nimelifikiria sana hili. Kirejeshi chetu tukikitia ndani ya kitenzi, anayekaa, zilizokauka, kinalishika jina, hakiachi hata upenyo wa kupitisha ukucha. Nasikia humo kuchagua, ingawa si lazima kiwe kinachagua. "Ambaye" na "ambazo" vinakupa nafasi ya kushusha sauti: "Boti zetu, ambazo zina majaketi, huondoka saa mbili." Siku hizi nikiandika Kiswahili natumia amba- na mikato pale ninapoongeza habari, na -o- ya ndani pale ninapochagua. Hiyo ni tabia yangu tu, mtu asije akaniletea kitabu. Kwa mdomo hatuhitaji, sauti inatosha. Sauti ya Mwalimu ilipokuwa ikishuka katikati ya zile karafuu ndiyo iliyokuwa mikato yenyewe. Kwenye karatasi sauti haipo, na anayesoma yuko mbali, hatujui, hajui jamvi letu likoje.

Habari zikaenea kwamba ninajua kuandika Kiingereza cha barua. Nikawa naandikia watu wa mtaani maombi ya kazi, malalamiko ya umeme, salamu za rambirambi kwa wafadhili. Mtoto wa ami, yule yule wa robo saa, alikuwa amehama Unguja na kupata kazi Muscat. Akanipigia, anataka barua ya kumpelekea mwajiri wake, ili mkewe na watoto wamfuate. Mkewe ni wifi yangu, tumecheza pamoja tangu utoto, na nyumba yao iko Wete, milango mitatu kutoka kwetu. Nikaanza kuandika: "My wife who lives in Wete will travel with our two children." Kalamu ikasimama.

"Kaka," nikamwambia simuni, "una wake wangapi?"

Kimya. Kisha: "Swali gani hilo?"

"Halitoki kwangu. Ni la mkato."

Nikamweleza kwamba nisipoutia, huyo mwajiri atasoma kuwa anaye mke wa Wete na mwingine wa pengine, na huyu wa Wete ndiye anayechaguliwa kusafiri. Nikiutia, mke ni mmoja, na Wete ni habari tu ya mahali anapokaa. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Mmoja, wallahi," akasema. "Tia mikato yako, uitie hata mitatu." Nikatia miwili, nikamtumia.

Safari ilikwama kwa makaratasi, kama safari nyingi. Mwaka ukapita, na ile barua ikawa imechakaa kwa tarehe. Juzi akanitumia ujumbe wa sauti, anaomba ile ile, tarehe mpya tu. Nikafungua faili la zamani, nikabadilisha siku na mwezi, nikamrushia. Hazikupita dakika tano akapiga.

"Dada'angu, barua nzuri. Ahsante sana."

"Haya, kaka. Salama lakini?"

"Salama. Ila ile mikato yako miwili..."

"Imefanya nini?"

"Itoe."

Nikageuka kutazama uani. Wifi yangu, aliyekuja kunitembelea tangu siku mbili nyuma, alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Kaka anakusalimu," nikamwambia.